Msiifungie kabatini barua ya FEMA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme na wasemaji wenzangu wa Kiswahili tunaoishi Marekani, hasa katika majimbo yanayopigwa na vimbunga vya Atlantiki, pamoja na ndugu zetu walioko nyumbani ambao hutupigia simu kwa wasiwasi kila wanapoona kwenye taarifa ya habari paa zimeezuliwa na barabara zimegeuka mito. Msimu wa vimbunga huku huanza rasmi tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na kila unapopita nasikia maneno yaleyale: fulani alisaidiwa, fulani alinyimwa, na fulani hakuomba kabisa kwa kuwa aliambiwa pesa zenyewe ni mkopo. Nimeishi Houston muda wa kutosha kupitia Harvey mwaka 2017 na Beryl mwaka 2024, na baada ya vimbunga vyote viwili nilikaa mezani na majirani tukisoma neno kwa neno barua za FEMA, yaani shirika la serikali kuu linaloshughulikia majanga. Ninalotaka kulisema ni moja. Barua ya kwanza inayosema kwamba hustahili msaada si hukumu. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna karatasi imekosekana au kuna jibu halikueleweka, na watu wetu wengi wanapoteza haki yao kwa kuinyamazia.

Nitoe mfano wa mama mmoja jirani yangu, mkimbizi kutoka Kongo, anayeishi na kijana wake, binti yake, mume wa binti huyo na wajukuu. Beryl ilitua pwani ya Texas alfajiri ya tarehe 8 Julai 2024 ikiwa kimbunga cha daraja la kwanza tu kati ya matano, ingawa siku chache kabla ya hapo, ilipokuwa Karibi, ilikuwa imefika daraja la tano mapema kuliko kimbunga chochote katika kumbukumbu za Atlantiki. Wengi wetu tuliposikia daraja la kwanza tuliona ni upepo wa kupita, tukalala. Kulipokucha, zaidi ya wateja milioni 2 wa Houston na vitongoji vyake hawakuwa na umeme, na wengine walikaa gizani zaidi ya wiki nzima katika joto la Julai. Kwa yule mama, maji yalipenya darini usiku, na asubuhi kipande kizima cha dari kilishuka juu ya kitanda cha wajukuu, kwa bahati wakati watoto wamekwisha kuhamia sebuleni kutafuta hewa. Magodoro, nguo za shule na mashine ya kupimia sukari ya mama, vyote vililowa.

Kijana wake aliomba msaada wa FEMA kwa kutumia simu yake. Siku chache baadaye mume wa binti, bila kujua kwamba shemeji yake amekwisha kuomba, alipiga simu akaandikishwa kwa jina lake na kwa anwani ileile. Barua ilipofika, wote waliona neno moja tu katika ukurasa wa kwanza, neno la kutostahili. Mama aliikunja mara nne, akaiweka katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi za chanjo za wajukuu, akasema ndivyo Mungu alivyopanga. Mimi niliiona kwa sababu nilikwenda kumjulia hali, naye akanitolea mfuko mzima ili nimtafutie kadi moja iliyotakiwa shuleni. Muda wa kukata rufaa ni siku 60 tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Zilikuwa zimebaki 11.

Barua yenyewe, ukiisoma hadi chini, haikusema kwamba familia ile haikupata hasara. Ilisema kwamba yapo maombi mawili ya kaya moja. FEMA huhesabu kaya, haihesabu vichwa, na kwa kawaida watu wote waliokuwa wakiishi pamoja chini ya paa moja kabla ya janga hupeleka ombi moja. Hapa ndipo penye mtego kwa familia zetu, maana sisi tunaishi wengi pamoja, na kila mtu mzima mwenye simu anaona ni wajibu wake kuipigania nyumba. Tulichofanya ni kuamua ombi lipi libaki, kisha tukaandika maelezo mafupi ya nani anaishi pale, tukaambatisha mkataba wa upangaji wenye majina yote, bili ya umeme, barua kutoka ofisi ya wenye nyumba na picha za dari. Juu ya kila ukurasa tuliandika namba ya ombi yenye tarakimu tisa na namba ya janga. Tangu Machi 2024 mtu halazimiki tena kupeleka barua ya rufaa iliyotiwa saini ili nyaraka zake zipokewe, lakini mimi bado nashauri maelezo yaandikwe, hata kama ni mistari mitano, kwa sababu karatasi peke yake haijielezi. Uamuzi wa rufaa unaweza kuchukua hadi siku 90. Kwao ulikuja kabla ya hapo, na safari hii walipewa pesa za vitu vilivyoharibika na za kodi ya mahali pa kujihifadhi.

Kuna jambo jingine nililoligundua mezani kwa yule mama, nalo ndilo lililonisukuma hasa kuandika barua hii. Alipopigiwa simu na mkaguzi wa FEMA, mjukuu wake wa miaka 12 ndiye aliyetafsiri. Mkaguzi aliuliza kama nyumba inakalika kwa usalama. Mtoto akamgeukia bibi akamuuliza, "Bibi, anauliza mko salama?" Naye bibi akajibu kama alivyofundishwa na mama yake, na kama mimi na wewe tungejibu: "Mwambie tuko salama, tunamshukuru Mungu." Dari lilikuwa sakafuni. Watoto walikuwa wanalala kwa jirani. Lakini jibu lililoandikwa ni kwamba nyumba iko salama, na mtu anayesema nyumba yake iko salama hawezi kupewa pesa za kuhama kwa sababu si salama.

Ndugu zangu, adabu yetu ya kuitika salama hata mgonjwa akiwa kitandani ni adabu njema, nami sitaki tuiache. Hata hivyo, fomu ya serikali si salamu. Anayeuliza hakuulizii hali ya moyo wako. Anaulizia paa, nyaya za umeme, maji ya bomba, ukungu ukutani, mlango unaofungika na usiofungika. Anapouliza kama una mahali pa kukaa, usijibu kwamba ndugu amekuhifadhi kana kwamba tatizo limekwisha. Sema kwamba nyumba yako haikaliki na kwamba umepokelewa kwa muda, kwani upo msaada wa kuhama unaowahusu hata waliopokelewa na jamaa. Kusema hasara ilivyo si kulalamika, wala si kukosa shukrani kwa Mungu, na mzee anayeona haya kuyasema hayo asaidiwe na mtu mzima mwenziwe, si na mtoto wa darasa la sita ambaye hata kwa Kiingereza hajawahi kusikia tofauti ya anayemiliki nyumba na anayeishi ndani yake.

Haki ya kusikilizwa kwa lugha yako ipo. Sheria ya Stafford ya mwaka 1988, ambayo ndiyo msingi wa misaada hii, inakataza ubaguzi katika ugawaji wake, na miongoni mwa sababu zinazotajwa humo ni mtu kutojua Kiingereza vizuri. Ukipiga namba ya FEMA, 1-800-621-3362, taja kwanza lugha yako kisha usubiri mkalimani, hata ukichoka. Na akija mkalimani, msikilize kama kweli anaongea Kiswahili unachokielewa. Nasema hivi kwa sababu mwaka 2022, baada ya mabaki ya tufani Merbok kuipiga Alaska ya magharibi, wenyeji walipelekewa maelezo ya msaada yaliyodaiwa kuwa kwa lugha zao za Kiyupiki na Kiinupiaki, na walipoyasoma wakakuta maneno yasiyo na maana wala uhusiano na janga. Kampuni iliyotafsiri ilirudisha pesa za serikali, lakini siku zilizopotea hazikurudi. Wenyeji wenyewe ndio waliosema kwamba haya si maneno yetu. Nasi tukiletewa Kiswahili cha namna hiyo tuseme vivyo hivyo, siku ileile.

Niguse sasa nani anastahili, maana hapa uvumi umewaumiza watu kuliko upepo. Msaada wa pesa kwa mtu binafsi hauji kwa sababu kimbunga kimepita tu. Lazima Rais atangaze janga kubwa na kaunti yako itajwe kati ya zile zinazopewa msaada wa watu binafsi, na kwa kawaida muda wa kuomba ni siku 60 tangu tangazo hilo, ingawa mara nyingi huongezwa. Anayestahili ni raia, au asiye raia aliye katika makundi yaliyotajwa na sheria ya mwaka 1996, wakiwemo wakaazi wa kudumu wenye grinikadi, wakimbizi walioingizwa nchini kwa hadhi hiyo, na waliokwisha kupewa hifadhi. Aliye na viza ya mwanafunzi, au ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa, au mwenye kibali cha kazi peke yake, hayumo kwa jina lake. Lakini katika kaya inatosha mmoja awe anastahili, na mmoja huyo anaweza kuwa mtoto mchanga aliyezaliwa hapa, mwenye namba ya hifadhi ya jamii (Social Security), ambaye mzazi anaomba kwa niaba yake. Wazazi walio katika hali ngumu ya uhamiaji nawasihi wazungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, si na rafiki wa rafiki. Baada ya majanga makubwa huwepo mpango wa msaada wa kisheria usiolipiwa kwa wenye kipato kidogo. Makazi ya dharura, chakula, maji na ushauri wa kisaikolojia hutolewa bila kuulizwa karatasi za uraia, na hakuna mama anayepaswa kulala ndani ya gari na watoto kwa kuogopa mlango wa makazi ya Msalaba Mwekundu.

Kuhusu uvumi wa dola 750, ambao ulienea sana baada ya kimbunga Helene kuipiga Florida tarehe 26 Septemba 2024 na kisha kuibomoa North Carolina ya magharibi, milimani kabisa, mamia ya kilomita kutoka baharini: wako waliosema ni mkopo, wako waliosema ukizipokea umemaliza na hutapata zaidi, na wako waliosema serikali itachukua nyumba. Yote matatu si kweli. Dola 750 zilikuwa pesa za mwanzo za mahitaji ya haraka kama chakula, maji, maziwa ya mtoto na dawa, na kuzipokea hakumzuii mtu kupata msaada mwingine. Kwa majanga yaliyotangazwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 kiasi hicho kilipanda wakati huo kuwa dola 770, na kiwango cha juu kikawa dola 43,600 kwa upande wa makazi na kiasi kama hicho kwa mahitaji mengine, ingawa ni wachache wanaofika huko. Hii ni ruzuku. Hairudishwi ikitumika kwa kazi iliyotajwa, haitozwi kodi ya mapato, wala haihesabiwi kama kipato kinachoweza kukuondoa katika msaada wa chakula.

Mkopo upo, lakini ni mlango mwingine, na jina lake ndilo linalowapoteza watu. Shirika la serikali linalohudumia biashara ndogo, SBA, huwakopesha pia wenye nyumba na wapangaji wasio na biashara yoyote: hadi dola 500,000 za kutengeneza nyumba ya mwenyewe, na hadi dola 100,000 za vitu vilivyoharibika, gari likiwemo. Zamani ilibidi waombaji wengi wapitie SBA kwanza kabla ya kupata baadhi ya misaada ya FEMA, na sharti hilo liliondolewa Machi 2024. Nimekutana na watu ambao bado wanaliamini, nao wakakimbia kwa kusikia tu neno mkopo.

Wenye bima waanze na bima. FEMA hailipi kile kilicholipwa au kinachopaswa kulipwa na bima, kwa hiyo barua ya kukataliwa inayotaja bima maana yake ni kwamba wanasubiri uamuzi wa kampuni yako kwa maandishi, ukionyesha imelipa kiasi gani au imekataa nini. Ukipata karatasi hiyo, ipeleke, nao watalitazama ombi upya. Na ijulikane kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ni ya peke yake, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo kuikimbilia siku kimbunga kinapotangazwa ni kuchelewa. Baada ya Harvey niliwaona watu wazima wakilia kwa kugundua jambo hili wakiwa wamesimama ndani ya maji.

Usisubiri mkaguzi ndipo usafishe, kwa sababu ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili na afya ya watoto haina rufaa. Piga picha kila chumba, piga picha ya alama ya maji ukutani, ya lebo ya friji na ya godoro kabla hujalitoa nje, kisha toa, kausha, na utunze risiti za turubai, dawa na hoteli. Pokea simu usizozijua katika wiki hizo, jambo ambalo najua ni gumu kwetu tuliozoea kusumbuliwa na matapeli, kwa sababu mkaguzi anaweza kupiga kwa namba ngeni, na akikukosa mara kadhaa ombi linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu. Mkaguzi wa kweli ana kitambulisho chenye picha na hatakuomba hata senti moja. Anayesema utangulize malipo ili jina lako lipande juu ni mwizi. Mtaani kwangu fundi mmoja alichukua pesa zote za paa kwa familia mbili, akaacha turubai na ngazi, hatukumwona tena. Wanaotafuta makazi, chakula au misaada ya mashirika ya dini na ya kujitolea wapige 211, ambako huelekezwa kulingana na mahali walipo.

Kwako, Mhariri, nina ombi. Gazeti hili linasomwa na watu ambao hawatafungua tovuti ya serikali hata siku moja, lakini wanatumiana kurasa zako kwenye simu hadi vijijini. Tafadhali tenga ukurasa mmoja mwezi wa Mei, kabla msimu haujaanza, uchapishe kwa Kiswahili sanifu na chepesi maneno ambayo mtu atakutana nayo katika fomu hizo: kaya, umiliki, ukaazi, nyumba isiyokalika, hasara isiyolipwa na bima, rufaa. Yapitiwe na Mtanzania, Mkenya na Mkongo, kwa maana neno moja hatulielewi sote kwa namna moja. Mimi na wenzangu wawili tuliowahi kuzisoma barua hizi tuko tayari kusaidia kazi hiyo bila malipo, na ofisi yako inayo namba yangu ya simu. Makanisa na misikiti yetu nayo yangeweza kuweka meza moja baada ya ibada kwa wiki nane baada ya kimbunga, wakae watu wawili wanaosoma Kiingereza vizuri, na kila mwenye barua ailete ilivyo, hata ikiwa imekunjwa mara nne.

Wako katika kuitumikia jamii,

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Houston, Texas